Majeruhi wengi, mikono michache: Nani ahudumiwe kwanza?

Na Mwandishi Wetu

AJALI inapotokea, wapita njia wengi hukimbilia majeruhi anayepiga kelele zaidi. Ni jambo la kibinadamu, lakini mafunzo ya huduma ya dharura yanaelekeza vinginevyo: anayelia bado ana pumzi, ilhali aliye kimya huenda yu karibu zaidi na kifo.

Uzito wa suala hilo ulionekana jijini Nairobi Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa kwa bomu. Watu zaidi ya 200 walifariki dunia na wapatao 5,000 walijeruhiwa. Mlipuko mdogo uliotangulia uliwavuta watu wengi madirishani, hivyo vioo vikawajeruhi usoni na machoni. Wananchi waliwabeba majeruhi kwa magari binafsi na matatu hadi hospitalini, ikiwamo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambayo ilielemewa.

Hakuna hospitali inayoweza kuwahudumia maelfu kwa wakati mmoja. Ni lazima awepo wa kupanga nani aanze.

Utaratibu huo ulianzia vitani. Dominique Jean Larrey, daktari wa upasuaji katika jeshi la Napoleon wa Ufaransa, alitaka askari atibiwe kwa kuzingatia ukubwa wa jeraha lake, si cheo chake. Njia moja inayotumika sana leo, iitwayo START, ilibuniwa mwaka 1983 katika mji wa Newport Beach, California, nchini Marekani.

Kwa njia hiyo, mwokoaji hutumia muda usiozidi dakika moja kwa kila majeruhi. Kwanza huwataka wote wanaoweza kutembea wasogee kando. Hao hupewa rangi ya kijani na husubiri. Waliobaki hupimwa mmoja mmoja. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, ambaye damu yake haizunguki vizuri, au asiyeweza kutii agizo jepesi kama "fumba macho", hupewa rangi nyekundu na hutangulia. Wengine hupewa njano.

Asiyepumua hunyanyuliwa kidevu ili njia ya hewa ifunguke. Akipumua, ni nyekundu. Asipopumua, hupewa rangi nyeusi na mwokoaji huenda kwa mwingine. Hapo ndipo penye ugumu, kwani siku ya kawaida mgonjwa huyo angehangaikiwa na wote. Siku ya maafa, dakika 10 anazopewa asiye na matumaini zinaweza kumgharimu uhai jirani yake anayevuja damu.

Mwananchi wa kawaida hahitaji kadi za rangi ili kuokoa maisha. Ahakikishe kwanza eneo ni salama, kisha apige simu ya dharura, kama vile 112 inayotumika Kenya na Tanzania. Amwangalie aliye kimya. Damu inayotoka kwa wingi ikandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kufunua kila mara kutazama. Kioo au chuma kilichozama mwilini kisichomolewe. Anayehisiwa kuumia shingo au mgongo asihamishwe, isipokuwa pana hatari kama ya moto.

Stadi hizi hazipatikani kwa kusoma pekee. Huhitaji mazoezi ya vitendo. Chama cha Msalaba Mwekundu, miongoni mwa taasisi nyingine, hutoa mafunzo hayo. Katika ajali nyingi, mtu wa kwanza kumfikia majeruhi si daktari, bali ni abiria mwenzake, dereva au mpita njia.