Tabibu Mwanamke Atatoka Wapi?
Wazazi wenzetu wa Bangwe, twapenda wake zetu wazalishwe na tabibu mwanamke. Lakini atatoka wapi, ikiwa binti zetu twawatoa skuli mapema?

Chuo cha tiba cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1963, kikaingia Chuo Kikuu mwaka 1968, na tangu 2007 Muhimbili ni chuo kikuu chenye kujitegemea. Mwanafunzi husoma miaka 5: kwanza maumbile ya mwili, kisha huwafuata walimu wodini, halafu hutumika hospitalini mwaka 1 chini ya usimamizi. Ufunguo wake ni kemia, biolojia na fizikia.

Wanazuoni wameihesabu tiba kuwa faradhi ya kifaya: sote tukiiacha, sote tu wenye dhambi. Basi tuwasomeshe mabinti.