Sauti za Mishamo zahamia kwenye CD

Wazee waliokimbia Burundi mwaka 1972 wanazidi kupungua, na nyimbo walizorekodi Mishamo ziko kwenye kaseti zinazochakaa. Mimi niliyesomea huko na kurejea nyumbani mwaka 2009 nazihamishia kwenye CD, kwa mashine ya kurekodia isiyohitaji kompyuta. Ni ya zamani, niliinunua mtumba.

Unaunganisha redio kaseti kwa waya, unapunguza sauti hadi taa nyekundu isiwake (ikizidi hapo inakwaruza, na dawa yake hakuna), kisha unarekodi. CD moja hubeba dakika 74 au 80.

Kazi iko mwishoni. Lazima mashine iifunge CD, yaani iandike orodha ya nyimbo zilizomo. Isipofungwa, redio ya kawaida haiisomi. Huchukua dakika chache tu, lakini umeme ukikatika hapo, CD yaweza kuharibika kabisa. Ndiyo maana mimi hufunga alfajiri, saa ambayo umeme wa kwetu hutulia.

Ninyi mnaopitisha bidhaa Manyovu na Kobero, someni maandishi ya boksi. Mashine nyingi za nyumbani hukataa CD tupu za kompyuta. Hutaka zile maalumu za muziki. Mteja akiuziwa zisizo zake, hela imekwenda. Tena msizianike juani, jua huharibu rangi inayobeba sauti.

Kesho alfajiri nafunga ya bibi mmoja jirani yangu, dakika 40 za nyimbo za harusi. Binti zake walibaki Mishamo, wanaisubiri.