Dada wa Lyangombe: Yapi Kweli, Yapi Uongo?

Anayetaka kutunga riwaya ya pepo, ndoto na madada wawili wanaoitana pasipo kuonana, Tabora itampa kila kitu: miembe ya njia ya misafara, tembe la Kwihara alimokaa Livingstone mwaka 1872, ngoma za Waswezi, watu wa chama cha pepo. Kitakachomponza ni maneno atakayojazwa kabla hajafika. Fasihi ya aina hii naipenda, na sitaki ijengwe juu ya uzushi.

"Waswezi ni wachawi."
Uongo. Mnyamwezi, mwenyeji wa Tabora, hamchanganyi mchawi, anayedhuru kwa siri, na mfumu, anayeagua na kutibu. Mswezi naye ni mtu mwingine kabisa. Ameingia chamani kwa sababu pepo amemtaka, mara nyingi baada ya maradhi yaliyoshinda dawa. Huingizwa kwa ngoma, hufundishwa maneno ambayo watu wa nje hawayajui, na walioingia kabla yake huwa jamaa zake. Hapa mtunzi asipite haraka. Pepo hafukuzwi, watu hupatana naye, na mgonjwa aliyekuja peke yake huondoka na ndugu wa nyumba ya pili. Udada anaoutafuta mtunzi upo tayari.

"Pepo wa Waswezi ni wa Unyamwezi tangu asili."
Si kweli. Lyangombe, mkubwa wao, anajulikana hadi Rwanda, na jina la Waswezi ni jamaa ya lile la Wachwezi wa Bunyoro, huko Uganda. Sasa utazame ukanda anaojifunga Mswezi kichwani wakati wa ngoma. Umeshonewa simbi, nyeupe, zimepangwa ubavu kwa ubavu, midomo yake yenye meno imeelekea nje. Simbi ni nyumba ya konokono wa Bahari ya Hindi, na Tabora iko zaidi ya kilomita 600 kutoka pwani. Pepo wa upande wa Maziwa Makuu amevikwa ganda la bahari, na vyote viwili vimekutana kwenye njia panda ya misafara.

Kuna pia wanaodhani njia hiyo ilikuwa ya wanaume tu. Hapana. Wapagazi wa Kinyamwezi walisafiri na wake zao na watoto. Wanawake walibeba vyungu na vyakula, wakapika kambini. Wengine walipita wakiwa mateka.

"Kupagawa ni wazimu."
Jibu la mkato halipo. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 inao ugonjwa wa kupagawa, lakini inamtoa anayepandwa pepo ndani ya ibada au mila inayokubalika katika jamii yake. Kipimo cha ugonjwa huo ni mateso au kushindwa kuendesha maisha ya kila siku. Na si kila anayeanguka amepandwa pepo: mwenye kifafa, hata akichezewa ngoma usiku kucha, anahitaji vidonge vyake kila siku.

"Wanawake hujipagawisha ili wapewe kanga mpya."
Mwanaanthropolojia I. M. Lewis aliandika mwaka 1971 kwamba kupagawa ni njia ya wanyonge kudai haki yao. Ukweli upo, ila ni mwembamba. Mwanahistoria Iris Berger, akiandika mwaka 1976 kuhusu nchi za Maziwa Makuu, alionyesha kwamba pepo waliwapa baadhi ya wanawake heshima na sauti wasizozipata kwingine. Mimi nasimama na Berger. Kanga huchakaa baada ya mwaka, lakini aliyeingizwa chamani hubaki mtu wa chama.

"Bibi mwenye macho mekundu ni mchawi."
Uongo, na uongo huu umeua. Tabora, Shinyanga na Mwanza, vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya rangi ya macho yao. Rangi hiyo ni moshi. Ni miaka hamsini ya kuinama juu ya mafiga matatu, kuni mbichi au samadi ikifuka ndani ya chumba kisicho na dirisha, ili wengine wale. Mtunzi anayeyachukua macho hayo ili kumtisha msomaji anawaongezea wauaji sababu.

Na majina ya wale madada wawili yapo tayari: mapacha wa huku huitwa Kulwa, aliyetangulia kuzaliwa, na Doto, aliyemfuata; anayezaliwa baada yao ni Shija. Riwaya hiyo ikiandikwa, naomba Kulwa na Doto wawe na bibi mwenye macho mekundu, na jioni wamletee kuni kavu.