Mpangilio, Dhima na Mfumo: Istilahi za Kupanga Timu katika Mchezo wa Umeneja wa Kandanda

Miongoni mwa michezo ya kompyuta inayowashughulisha watu wengi duniani upo mchezo wa umeneja wa kandanda. Anayeucheza hapigi mpira wala hamwendeshi mwanasoka kwa vidole. Yeye hupewa timu, na kazi yake ni kuchagua wachezaji, kuwanunua na kuwauza, kuwapangia mazoezi, na hasa kuwaagiza namna watakavyocheza. Kisha hukaa akatazama. Kompyuta huyapima maagizo yake pamoja na uwezo wa kila mchezaji, ikaonyesha mechi ilivyokwenda. Katika makala haya tutamwita mtu huyo meneja, ili jina la mchezaji libaki kwa wale kumi na mmoja walio uwanjani.

Michezo ya aina hii si mipya. Mwingereza Kevin Toms alitoa wa kwake mwaka 1982. Mwaka 1992 ndugu wawili, Paul na Oliver Collyer, walitoa Championship Manager. Na tangu mwaka 2004 kampuni yao, Sports Interactive, imekuwa ikiutoa mchezo wake kwa jina la Football Manager. Huo wa mwisho ndio tutakaoutolea mifano, hasa toleo la 2024.

Huenda msomaji akauliza jambo hili linawahusu nini wafasiri na walimu. Jibu letu ni kwamba mchezo huu umejengwa kwa maneno. Meneja hana silaha nyingine. Akilielewa vibaya neno moja, timu yake hufungwa, hata kama wachezaji wake ni hodari. Tena maneno yenyewe ndiyo anayoyatumia kocha wa kweli, mwalimu wa michezo shuleni, na ofisa anayeandaa mwongozo wa mafunzo ya makocha. Kwa hiyo mchezo huu unatupa nafasi adimu ya kuzijaribu istilahi zetu na kuona zinapopwaya.

Neno moja, mambo matatu

Tuanze na neno linalotumika kuliko yote, yaani mfumo. Watangazaji husema timu fulani inatumia mfumo wa 4-3-3, na msikilizaji huelewa kwamba kuna mabeki 4, viungo 3 na washambuliaji 3, golikipa akiwa nje ya hesabu. Hapo mfumo umekuwa jina la jinsi wachezaji walivyosimama. Lakini mtu huyohuyo husema pia kwamba kocha ana mfumo wa kushambulia, au kwamba mchezaji fulani haufai mfumo wa timu. Hapo neno limebeba mambo mengine kabisa: nia ya timu, na kazi aliyopewa kila mmoja.

Katika mazungumzo mchanganyiko huu hauleti madhara makubwa. Katika maagizo unaleta. Tuchukue mfano wa mwongozo unaosema, "Timu itumie mfumo wa 4-3-3." Meneja wa kwanza akiwapanga wachezaji hivyo, akawaagiza mabeki wa pembeni wapande na viungo wote watatu waende mbele, mabeki wa kati wataachwa peke yao kila mpira unapopotea. Wa pili akatumia 4-3-3 hiyohiyo, akamwacha kiungo mmoja mbele ya mabeki na beki mmoja wa pembeni nyuma, huyo atakuwa na watu wanne wa kuzuia shambulizi la kushtukiza. Wote wawili wameutii mwongozo. Kosa ni la mwandishi, ambaye alidhani ameeleza jambo zima kumbe ametaja sehemu moja tu.

Pendekezo letu ni kwamba jinsi wachezaji wanavyosimama iitwe mpangilio. Neno hili linatokana na kupanga, nalo halidai zaidi ya hapo. Mpangilio wa 4-2-4 uliipa sifa Brazili katika Kombe la Dunia la 1958. Na kabla ya desturi ya kutaja tarakimu, mpangilio wa Herbert Chapman wa Arsenal, uliozuka baada ya sheria ya kuotea kubadilishwa mwaka 1925, ulitajwa kwa herufi W na M kwa sababu ya umbo lake.

Ama neno mfumo, hilo lina asili yake katika kufuma. Mfumaji hutanda nyuzi za mtande kwanza, kisha hupitisha mshindio. Nyuzi zilizotandwa peke yake si nguo. Vivyo hivyo mpangilio si mfumo. Mfumo ni kitu kizima kilichokwisha fumwa: mpangilio, dhima za wachezaji, uthubutu wa timu na maagizo yake. Nalo neno mbinu lingefaa kubakia kwa hila au njia moja mahususi, kama vile mtego wa kuotea au kona ya kuanzia kwa pasi fupi. Hivyo mfumo mmoja waweza kuwa na mbinu nyingi ndani yake.

Namba, dhima na elekeo

Waswahili wamejipatia njia yao ya kutaja nafasi uwanjani. Swali la mtaani ni, "Anacheza namba ngapi?" Akijibiwa kuwa ni 6, muulizaji ameelewa kwamba ni kiungo mkabaji, akiambiwa 9, ni mshambuliaji wa kati. Ni istilahi fupi inayoeleweka, nasi hatuoni sababu ya kuidharau. Ila mfasiri atahadhari, kwa kuwa namba hizi si za dunia nzima. Nchini Argentina kiungo mkabaji ni namba 5, na kwa desturi ya zamani ya Waingereza namba 6 aliweza kuwa beki wa kati. Anayetafsiri namba kwa namba aweza kumhamisha mchezaji bila kujua. Katika maandishi rasmi tungependa nafasi itajwe kwa jina.

Nafasi haitoshi. Wachezaji wawili waweza kusimama pahali pamoja wakafanya kazi mbalimbali. Kiungo mmoja hupewa kazi ya kupokonya mipira. Mwenziwe, akiwa palepale, hupewa kazi ya kuutuliza mpira na kuugawa. Kazi hii tunapendekeza iitwe dhima, neno ambalo walimu wa fasihi wamekwisha kulizoea wanapozungumzia wahusika.

Juu ya dhima, toleo la 2024 lilimtaka meneja aseme pia kama mchezaji ataitekeleza kwa kulinda, kwa kusaidia au kwa kushambulia. Mfasiri wa harakaharaka angeliita jambo hili wajibu, kwa kuwa ndivyo kamusi isemavyo. Lakini dhima na wajibu kwa Kiswahili zimekaribiana mno. Msomaji atadhani ni kitu kimoja kilichotajwa mara mbili. Twaona elekeo latufaa zaidi: kiungo mgawaji mwenye elekeo la kulinda hubaki nyuma, mwenye elekeo la kusaidia husogea pamoja na mpira.

Hapa ndipo meneja anapoanza kushinda au kushindwa. Kanuni ni mizani. Winga akipewa dhima ya kuingia ndani, beki wa upande ule aweza kupewa elekeo la kushambulia ili pembeni pasibaki patupu. Beki huyo akipanda, pawe na kiungo wa kuziba nafasi aliyoiacha. Mshambuliaji wa kati akirudi nyuma kuupokea mpira, hapana budi awepo mwingine wa kukimbilia nafasi aliyoifungua. Kila mwendo mmoja hudai mwendo wa pili wa kuujibu.

Dhima kadhaa katika toleo la 2024 zilikuwa na majina ambayo hata Waingereza hawakuyatafsiri. Kutoka Italia limechukuliwa neno regista, ambalo kwao ni pia jina la mwongozaji wa filamu. Kutoka Ujerumani limechukuliwa Raumdeuter, jina alilojipa Thomas Müller alipokuwa Bayern München, kwa maana ya mtu anayezisoma nafasi tupu. Kwetu, la kwanza laweza kuwa kiungo mwongozaji na la pili msaka nafasi. Tunataja hayo ili ionekane kwamba kila taifa limeuita mchezo kwa macho yake, nasi hatuna haja ya kuona haya kwa namba 6 yetu.

Uthubutu wa timu

Kipo kipengele kingine ambacho kwa Kiingereza hutajwa kwa neno lenye maana ya fikra au hali ya akili. Likitafsiriwa hivyo, meneja Mswahili atadhani anaulizwa kuhusu nidhamu au moyo wa wachezaji. Kumbe linalopimwa ni kiasi cha hatari ambacho timu iko tayari kukikubali. Toleo la 2024 lina ngazi 7, kuanzia kujihami kabisa hadi kushambulia kabisa. Ngazi ikipanda, pasi huwa za kujaribu zaidi, mwendo huongezeka, na mabeki husogea mbele. Lugha yetu ina neno lililokuwa likingojea kazi hii: uthubutu. Timu yenye uthubutu mdogo yaweza kuwa na moyo mkuu. Haya ni mambo mawili.

Kukaba na kushinikiza

Neno la mwisho ni kukaba, nalo ndilo linalowaangusha wengi. Mtangazaji husema beki amemkaba mshambuliaji, akimaanisha kwamba hamwachi mbali. Husema pia kwamba amekaba vizuri, akimaanisha ameupokonya mpira. Tena husema timu inakaba juu, akimaanisha kwamba inawasumbua wapinzani karibu na lango lao. Mchezo huu huyatenganisha maagizo hayo matatu, na kila moja lina gharama yake.

Tuseme kijana amesoma kwamba timu bora "zinakaba juu". Anawaagiza washambuliaji wake wawakimbilie wapinzani mapema, lakini anauacha mstari wa mabeki chini, kwa kuwa neno alilolisoma halikumwambia habari za mabeki. Matokeo ni uwazi mkubwa katikati, na wapinzani wanaoivuka safu ya mbele hupokea mpira bila kuguswa. Akiusogeza mstari wa mabeki juu, uwazi ule hupungua. Lakini mabeki wake wakiwa wazito, mpira mrefu mmoja utapita nyuma yao. Basi kabla ya kuamua hana budi kutazama sifa zao, ambazo mchezo huzikadiria kutoka 1 hadi 20: kasi ya mabeki, stamina ya washambuliaji, na uwezo wa golikipa wa kutoka langoni.

Tunapendekeza kukaba kubaki na maana ya kumfuata mpinzani kwa karibu. Kupokonya kuwe kuutwaa mpira miguuni mwake. Na kuwasumbua wapinzani ili wasipate nafasi ya kufikiri kuitwe kushinikiza. Mahali zoezi hilo linapoanzia pataitwa mstari wa shinikizo, mbali na mstari wa mabeki. Kijana yule angeambiwa kwamba mistari hii miwili haifai kuachana mno, angelikuwa amefundishwa jambo zima kwa sentensi moja.

Kuufuma mfumo

Sasa twaweza kueleza kazi ya meneja kwa istilahi hizi, na msomaji apime kama zinatosha. Kwanza atazame sifa za wachezaji wake, za ufundi, za akili na za mwili. Pili achague mpangilio unaowapa nafasi walio bora. Tatu agawe dhima na maelekeo kwa mizani. Nne apange uthubutu kulingana na nguvu za timu yake na za mpinzani. Tano atoe maagizo ya nyakati tatu: timu ikiwa na mpira, mpira unapopotea au kupatikana, na timu ikiwa haina mpira. Mwisho awe na subira. Wachezaji huchukua muda kuuzoea mfumo, na meneja anayeubadilisha kila anapofungwa huwarudisha mwanzo. Akitaka kurekebisha, abadili jambo moja, atazame mechi kadhaa, ndipo aamue.

Tunajua kwamba watangazaji wataendelea kusema mfumo wa 4-3-3, wala hatukusudii kuwanyang'anya neno walilolieneza kwa miaka mingi. Sauti ya redioni ina mazingira yake ya kuisaidia. Msikilizaji anajua mechi inayotangazwa. Lakini maandishi ya mafunzo hayana msaada huo. Mwalimu aliye peke yake na kitabu chake, mbele ya watoto ishirini na mpira mmoja, ana haki ya kujua kama ameagizwa awapange, awagawie kazi, au awafundishe kushinikiza.

Istilahi tulizozitaja hapa ni mapendekezo. Elekeo hasa huenda likapata mpinzani aliye bora, na tungefurahi kumpokea. Tunawaomba makocha, walimu na wafasiri wazijaribu katika kazi zao, kisha watuletee maoni, pamoja na maneno wanayoyasikia viwanjani ambayo bado hayajafika mezani petu.