Boksi, Simu na Vichochoro vya Mji Mkongwe

Sogeeni, wapwa zangu. Mwenye karanga azitie mfukoni kwanza, maana leo simulizi si langu peke yangu. Leo nitasimulia na Boksi.

Boksi alizaliwa abebe biskuti. Biskuti zikaliwa zote, naye akatupwa nyuma ya jiko la mkaa. Akakaa, akakaa, akisubiri zamu yake ya kuwashiwa moto. Siku moja wakaja watoto wawili, kaka na dada, wakamwokota. Walikuwa wanasafiri kesho yake kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja kumsalimia bibi yao, na mama alikuwa amewaagiza: "Mpigeni bibi picha nzuri, tuitundike sebuleni."

Picha za bibi walikuwa nazo tele, lakini zote zilikuwa na kasoro moja. Zilipigwa mchana, jua kali, na macho ya bibi hayakuonekana. Palipostahili kuwa na macho palikuwa na vivuli viwili vyeusi.

"Mjomba, jua likiwa kali si ndiyo macho yangeonekana zaidi?"

Umeuliza swali la kiutu uzima! Wapiga picha wengi wamelihangaikia hilo. Jua la saa sita liko utosini. Linamulika paji la uso, pua na mashavu, na nyusi zinayatilia macho kivuli. Ukimtazama bibi kwa macho yako unamwona vizuri tu, kwa sababu macho na ubongo wako husaidiana kusawazisha mwanga na kivuli. Kamera hailiwezi hilo kwa wepesi wako. Ikihangaikia paji la uso linalong'aa, macho yanazama gizani. Ikihangaikia macho, paji la uso linakuwa jeupe kama limepakwa unga.

Basi watoto wakamkata Boksi, wakabakiza ubavu wake mmoja mpana. Wakachukua foili, ile ya kufungia samaki wa kuoka. Wakaifinyangafinyanga kama wanaitupa, wakaikunjua taratibu isichanike, wakaibandika kwa gundi upande mmoja. Upande wa pili wakabandika karatasi nyeupe.

"Mnanifanya nini?" akauliza Boksi.

"Tunakufanya rifleta."

"Rifleta ndiyo nini?"

"Ni kitu cha kuurudisha mwanga. Jua likipita bila kumwona bibi, wewe unalirudisha."

Boksi akafurahi. Tangu azaliwe alikuwa akibeba tu. Hajawahi kurudisha kitu.

"Mjomba, mbona foili wameifinyanga? Si ingependeza ikibaki laini?"

Hilo nalo nilikuwa nalingoja! Chukua mpira, uurushe kwenye ukuta uliopigwa plasta vizuri. Unajua utakakorudi. Ukiurusha kwa mshazari, unatoka upande wa pili kwa mshazari ule ule. Sasa urushe kwenye ukuta wa mawe yaliyochomoza. Utarudi wapi? Popote! Mwanga nao ni hivyo hivyo. Foili laini inaurusha wote mahali pamoja, bibi anapata doa moja la mwanga shavuni na kufumba macho. Foili yenye makunyanzi inautawanya, huku kidogo, kule kidogo, na uso unapata mwanga mpole. Karatasi nyeupe inautawanya zaidi, ndiyo pole kuliko zote. Huo mpira msiuache mbali, tutaurusha tena.

Kulipokucha wakapanda boti. Wakashuka bandarini Malindi, Boksi kwapani mwa dada, Simu mkononi mwa kaka. Nyumba ya bibi iko Kiponda, si mbali hata kidogo. Simu akajitapa: "Msiulize mtu. Mimi naijua njia."

Mji Mkongwe mnaujua au mmeusikia. Nyumba za mawe zimeinuka ghorofa mbili, tatu, na kati yake vichochoro vyembamba. Vingine baiskeli mbili zikikutana, mmoja sharti ashuke. Simu akasema, "Kateni kulia." Wakakata kulia, wakakuta ukuta. Simu akasema, "Rudini nyuma." Wakarudi. Simu akasema, "Mmefika." Wamefika wapi? Mbele ya duka la vinyago, na mwenye duka anawakaribisha wanunue. Dada akachungulia kwenye kioo cha Simu. Ile nukta ya buluu, ambayo ndiyo wao, ilikuwa juu ya paa la nyumba ya nyuma. Mara ikarukia kichochoro cha pili. Mara ikarudi.

"Mjomba, kwani Simu anajuaje mahali tulipo?"

Hongera kwa kuuliza, maana watu wazima wengi hudhani kuna setilaiti inayotuchungulia kutoka juu. Hakuna. Mtambo unaoitwa GPS ni wa Marekani. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na leo ziko zaidi ya 24, zinazunguka dunia kwa umbali wa kilometa 20,000 na ushee kutoka ardhini. Warusi, Wachina na nchi za Ulaya nao wana zao. Setilaiti hizo hazikujui. Hazijui hata kama upo. Kazi yao ni kutangaza tu, kama redio: "Mimi ni fulani, niko hapa, na saa yangu inasema hivi." Simu anasikiliza.

Turushe mpira wetu. Tuseme rafiki yako kautupa kwako, na juu yake kaandika saa aliyoutupa. Unajua mwendo wa mpira. Ukiangalia saa uliyoudaka, unajua rafiki yuko umbali gani. Setilaiti hufanya hivyo kwa mawimbi ya redio, ambayo mwendo wake ni ule wa mwanga, kilometa 300,000 hivi kwa sekunde. Safari yote kutoka juu mpaka kwenye kiganja chako haifiki hata sehemu moja ya kumi ya sekunde! Simu akidaka kutoka kwa setilaiti tatu anaweza kupiga hesabu ya mahali alipo. Lakini anahitaji ya nne, kwa sababu setilaiti zina saa za atomiki, saa sahihi mno, na saa ya Simu ni ya kawaida. Ya nne ndiyo inayomrekebishia saa. Na saa si jambo la mchezo hapa. Ukikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umekosea mita 300.

"Sasa kama ana hesabu zote hizo, mbona kapotea?"

Mpira! Pale uwanjani mpira unakuja moja kwa moja. Kichochoroni Kiponda, mbingu ni utepe mwembamba juu ya kichwa. Mawimbi mengi yanazuiwa na kuta. Mengine yanagonga ukuta wa huku, yanadunda ukuta wa kule, ndipo yanamfikia Simu. Yamezunguka, yamechelewa kidogo mno. Simu hajui kama yamedunda. Anadhani setilaiti iko mbali zaidi, hesabu inaharibika, nukta inapanda juu ya paa.

Boksi aliposikia hayo akacheka mpaka foili ikatetemeka kwapani mwa dada. "Kumbe! Kudunda kule kule kunakonipa kazi mimi ndiko kunakokupoteza wewe!"

Simu akanyamaza. Ningekuwa mimi ningenyamaza pia.

Ila tusimwonee Simu. Kuta ni sababu moja tu. Mara nyingi nukta iko sawasawa kabisa, na mtu anapotea vilevile. Setilaiti hazijui barabara wala shimo wala mto. Zinakusaidia kujua ulipo, basi. Njia inatoka kwenye ramani, na ramani huchorwa na watu. Mwaka 2012 vijana watatu wa Kijapani walikuwa wakitalii Australia. Walitaka kwenda kisiwa cha North Stradbroke, na mashine ikawaonyesha kwamba gari linafika. Maji yalikuwa yamekupwa, wakaingia na gari lao kwenye matope ya pwani. Bahari ikajaa. Wao walitoka salama, gari likabaki majini.

Na kuna wale wawili kutoka Sweden, mwaka 2009. Walitaka kwenda Capri, kisiwa maarufu cha Italia. Wakaandika Carpi. Herufi mbili tu zimebadilishana nafasi! Wakafika Carpi, mji wa kaskazini ambao hata bahari hauna, wakaanza kuulizia pango la buluu la Capri. Hapo mashine haikukosea. Iliagizwa Carpi, ikawapeleka Carpi. Msiwacheke sana. Magomeni iko Dar es Salaam na Magomeni nyingine iko hapo hapo Unguja mjini. Ukimwambia Simu "Magomeni" tu, kosa ni la nani?

"Mjomba, na kama mtaa wetu haumo kwenye ramani?"

Nakupenda kwa swali hilo. Kibera, Nairobi, mtaa wenye watu wengi mno, kwenye ramani palikuwa kama hapana kitu. Mwaka 2009 vijana wa Kibera wenyewe wakashika vifaa vya GPS, wakatembea, wakaandika: hapa kuna bomba la maji, hapa kuna shule, hapa kuna zahanati. Dar es Salaam wanafunzi wa vyuo na wakazi wakafanya kazi kama hiyo kupitia Ramani Huria, kuanzia mwaka 2015, hasa mitaa inayofurika mvua ikinyesha. Hiyo kwangu ni kazi kubwa kuliko kurusha setilaiti, na nitabishana na yeyote atakayekataa.

Turudi Kiponda. Wazee watatu walikuwa wamekaa barazani wanakunywa kahawa. Watoto wakasogea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, wanangu. Naona mwapita hapa mara ya tatu. Mwatafuta nyumba ya nani?"

Wakataja jina la bibi. Mzee hata hakusimama. "Mbele, pale panaponukia mikate, kateni kushoto. Mlango wa pili wenye misumari ya shaba. Bisheni hodi kwa nguvu, bibi yenu masikio yamechoka."

Wakafika.

Bibi alitaka akae katikati ya ua, juani, "nionekane vizuri". Dada akambembeleza akae mlangoni, kivulini, uso wake ukielekea uani kwenye mwanga. Hiyo peke yake ilikwisha saidia nusu. Kisha akamsogeza Boksi karibu na bibi, chini kidogo ya kifua, ameinamishwa kuelekea usoni. Wakaanza na foili, bibi akafinya macho: "Mnanichoma!" Wakamgeuza Boksi upande mweupe. Vivuli vya chini ya macho vikapungua. Makunyanzi yakabaki, nayo ni mazuri, lakini macho sasa yalikuwa na nukta ndogo ya mwanga ndani yake. Wapiga picha huitafuta sana nukta hiyo, kwa sababu ndiyo inayoufanya uso uonekane hai.

"Wakamweka Boksi karibu kiasi gani?"

Karibu kadiri inavyowezekana bila kuonekana kwenye picha. Mwanga unaodunda hufifia haraka ukienda mbali. Na angalieni rangi. Kilicho karibu na uso nacho hudundisha mwanga, kwa rangi yake. Bibi alikuwa na kanga ya kijani mapajani, shavu likaanza kuwa la kijani, ikabidi akabadilishe.

Msidhani huu ni ufundi wa watoto tu. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alifungua studio yake mwaka 1948, akapiga picha nyingi uani kwa mwanga wa jua. Leo picha zake zinatundikwa kwenye majumba makubwa ya sanaa duniani.

Sasa ninyi. Boksi mnalo, foili ipo jikoni, lakini ombeni kwanza. Msiitazame foili jua likiwa limeigonga, wala msiielekeze barabarani ikampofusha dereva. Anzeni na bibi au babu. Picha ikipendeza mwombeni mama aipeleke studio ikasafishwe, maana simu huibwa, na picha huenda nayo.