Jinsi Mwamba wa Ripple Rock Ulivyopasuliwa

Katika pwani ya magharibi ya nchi ya Kanada, kati ya kisiwa cha Vancouver na kisiwa cha Quadra, uko mlango mwembamba wa bahari uitwao Seymour Narrows. Maji hupita hapo kwa kasi kama mto uliofurika, na wakati wa bamvua mkondo wake hufika maili 15 za baharini kwa saa. Katikati ya mlango huo palikuwa na mwamba wenye vichwa viwili, na kimoja kilikuwa futi 9 tu chini ya maji yakupwapo. Mabaharia waliuita Ripple Rock. Tangu manowari ya Marekani iitwayo Saranac ilipozama hapo mwaka 1875, meli kubwa zipatazo 20 ziliharibika au kuzama, pamoja na vyombo vidogo vingi, na watu zaidi ya 100 walipoteza maisha.

Yashangaza kwamba wako waliotaka mwamba huo uachwe. Walitumaini kuwa siku moja ungefaa kuwa msingi wa daraja la reli kwenda kisiwa cha Vancouver. Daraja halikujengwa, na watu wakaendelea kufa maji.

Mwaka 1943 serikali ya Kanada ilileta tishali lenye mitambo ya kutoboa mwamba kutoka juu. Lilifungwa kwa nanga nzito za zege, lakini mkondo ulikuwa na nguvu hata kamba moja ya chuma ikakatika karibu kila siku mbili. Mwaka 1945 walijaribu tena, safari hii kwa kamba zilizovushwa juu ya mlango toka ng'ambo hata ng'ambo. Walikusudia matundu 1,500. Wakapata 93, wakaacha.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini hawakushusha baruti juu ya mwamba na kuilipua tu? Jibu limo katika tabia ya jiwe lenyewe. Jiwe, kama vile zege, huvumilia sana kukandamizwa, lakini halivumilii kuvutwa. Nguvu ya kulikata zege kwa kulivuta ni kama sehemu moja ya kumi ya nguvu ya kuliponda, ndiyo sababu waashi hutia nondo ndani yake. Baruti ilipukapo ndani ya jiwe, hutoa wimbi la mshindo liendalo maili mbili au tatu kwa sekunde moja. Karibu na baruti, wimbi hilo husaga jiwe likawa unga. Mbele zaidi hulibana tu bila kulivunja. Lakini lifikapo kwenye uso wa jiwe, mahali panapoanza hewa au maji, sehemu yake hurudi nyuma, na katika kurudi kwake hugeuka kuwa mvuto. Hapo jiwe huanza kupasuka kutoka nje kuelekea ndani, na hewa ya moto ya baruti hujipenyeza katika nyufa na kuvisukuma vipande. Baruti iliyowekwa juu ya jiwe hupoteza nguvu zake nyingi nje.

Basi ilibidi kuuingia mwamba kwa chini. Kuanzia Novemba 1955, watu wapatao 75 walifanya kazi kwa zamu tatu. Walichimba shimo la futi 570 hivi katika kisiwa kidogo cha Maud, kisha njia ya futi 2,400 hivi chini ya sakafu ya bahari, halafu wakapanda futi 300 ndani ya vichwa vyote viwili. Humo walijaza tani 1,270 za baruti, ambayo ilikadiriwa kuwa mara kumi ya ile ambayo ingetosha kwa kazi kama hiyo nchi kavu, kwa sababu uzito wa maji nao ulipaswa kuinuliwa.

Siku ya Jumamosi, tarehe 5 Aprili 1958, siku moja kabla ya Pasaka, polisi waliwaondoa watu wote waliokuwa karibu. Saa tatu na dakika 31 asubuhi baruti ililipuliwa, na watu wa Kanada wakaitazama katika televisheni. Tani 635,000 za mawe na maji zilitupwa, nyingine zikapanda kiasi cha futi 1,000 angani. Maji yalipopimwa baadaye, kilele cha mwamba kilionekana kuwa zaidi ya futi 40 chini ya maji ya kupwa.

Mkondo wenyewe haukuondoka, na hata leo manahodha wa meli kubwa hungoja maji yatulie kabla ya kupita.