Taa ya Kona na Swichi ya Kufifisha

Palikuwa na binti wa darasa la sita aliyelala chumba kimoja na mdogo wake mchanga. Taa ilikuwa moja tu, katikati ya dari. Ikiwashwa, mtoto analia. Ikizimwa, kitabu hakisomeki. Siku baba yake mdogo, fundi umeme, alipokuja kuwatembelea, binti akamwambia, "Shikamoo baba mdogo. Naomba taa ya kona, tena ile ya kupunguzwa mwanga."

"Marahaba mwanangu. Utaipata. Ila tujue kwanza umeme unapita wapi."

Tumfuate, watoto, maana huyu ni fundi wa kweli. Swichi hakuigusa. Alikwenda kwenye mein swichi, akashusha breka ya taa, akabandika karatasi: USIWASHE. Kisha akajaribu tesa, kifaa cha kupimia umeme, kwenye soketi ya sebuleni yenye umeme, ikawaka. Akaigusisha kwenye waya za swichi ya chumbani, haikuwaka. Akarudi tena kwenye soketi ile ile, ikawaka.

"Mbona mara tatu, baba mdogo?"

"Tesa mbovu nayo haiwaki, mwanangu."

Likumbukeni jibu hilo. Umeme wa nyumbani ni volti 230, na hauna harufu, rangi wala sauti ya kukuonya.

Akafungua swichi. Ndani mlikuwa na waya mbili tu, na binti akadhani moja inaleta umeme, nyingine inaurudisha. Sivyo. Zote mbili ni za njia ya moto, yaani ya umeme unaokuja: moja inauleta moto kwenye swichi, nyingine inaupeleka kwenye taa. Nyutro, waya ya kurudishia, ilikuwa juu ya dari. Mtu asiyejua angeunga taa mpya kwenye waya hizo mbili, kisha ashangae: swichi ikiwashwa, taa mpya inazimika, ikizimwa, taa zote mbili zinagawana umeme na kuwaka kwa unyonge, au zisiwake kabisa.

Fundi akachukua moto kwenye ile waya inayouleta, akaupitisha kwenye swichi mpya, ndipo akaupandisha hadi taa ya kona. Nyutro na athi, waya ya usalama, akazitoa juu, kwenye saketi hiyo hiyo ya taa. Waya zake zilikuwa za milimita mraba 1.5: kahawia ya moto, buluu ya nyutro, kijani yenye mstari wa njano ya athi. Nyumba za zamani zina nyekundu ya moto na nyeusi ya nyutro, na wapo waliochanganya rangi, kwa hiyo fundi huamini tesa kuliko rangi.

Sasa ile swichi ya kufifisha, ambayo mafundi huiita dima. Hapa ndipo ninapopapenda. Umeme wetu hubadili mwelekeo bila kukoma, ukipanda na kushuka mara 100 kila sekunde. Dima za kale zilipunguza mwanga kwa kuuzuia umeme, na ule uliozuiwa ukawa joto la bure. Mwaka 1959, Mmarekani Joel Spira alibuni jijini New York dima ya kielektroniki, ndogo kiasi cha kuingia kwenye kisanduku cha swichi ukutani. Dima ya aina hiyo ni kama mlango unaofunguliwa na kufungwa mara 100 kwa sekunde. Ukizungusha kitufe, mlango unachelewa kufunguka, umeme unapita kwa muda mfupi zaidi, na taa inafifia. Jicho haliwezi kuziona funga-fungua hizo. Linaona mwanga laini tu.

Lakini si kila balbu inakubali. Balbu ya LED isiyotengenezwa kwa dima humetameta, huvuma na kufa mapema. Soma boksi kabla ya kununua. Na feni msiiunge kamwe kwenye dima ya taa, kwani mota yake itanguruma na kupata moto.

Usiku ule binti alisoma, na mtoto akalala.

Nanyi mkihitaji taa mpya, msifungue swichi wenyewe. Mwambieni mzazi aite fundi mwenye leseni, ambayo kwa Tanzania Bara hutolewa na mamlaka ya EWURA. Akifika, mwombeni awaonyeshe tesa yake ikiwaka kabla hajagusa waya yoyote.